Asma ndogo na pompi ya buluu



Safari hii nilitaka kuandika juu ya viatu vya kazi. Viatu vitangoja. Kuna neno linanikaa moyoni tangu kiangazi kilichopita, na nikilinyamazia nitakuwa nawadanganya watu wanaokuja kwangu kila asubuhi na fishi zao mkononi.

Mwenzetu mmoja, dereva wa kamyo kubwa za shimoni, alikuwa anakuja dispensere mara moja kila miezi miwili au mitatu. Shida yake ilikuwa ileile: usiku kifua kinabana na kupiga filimbi, asubuhi kinafunguka. Ni mimi mwenyewe niliyeandika kwenye fishi yake: asma ndogo. Nilimpa pompi ya buluu, ndiyo salbutamoli. Alivuta mara mbili, akacheka, akarudi kazini. Tulifanya hivyo miaka mitatu, yeye akiwa na furaha na mimi nikijiona munganga hodari. Halafu usiku mmoja wa mwezi wa saba, baridi kali na vumbi tele, wenzake wa ekipi walimleta mgongoni. Hakuweza kumaliza neno moja. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Pompi ilikuwa mkononi mwake, tupu. Tulimpa oksijeni, tulimchoma sindano, tukamkimbiza hospitali kubwa kwa ambulansi. Siku ya nne alikaa kitandani akaomba bukari. Alipona. Lakini bibi yake alinisimamisha mlangoni akaniuliza: «Baba munganga, si uliandika kwamba ni ndogo?»

Siku ile sikuwa na jibu. Maandiko haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa wote ambao fishi zao zina neno hilo.

«Asma ndogo» ni maneno yetu sisi watu wa dawa. Tunataka kusema kwamba dalili ni chache. Mgonjwa naye anasikia kwamba hatari ni chache, na hapo ndipo tunapopoteana. Walipochunguza habari za watu wazima waliokufa kwa asma, walikuta kwamba si chini ya 15 katika kila 100 walikuwa wakipata dalili chini ya mara moja kwa juma katika miezi ya mwisho ya maisha yao. Watu hao, kama wangefika mbele yangu, ningewaandikia vilevile: ndogo.

Sasa tuingie ndani ya kifua. Ninyi mnaofanya kazi chini ya ardhi mnajua lile bomba kubwa la turubai linalopeleka hewa mpaka mbele ya kazi. Mtu akilifunga kwa kamba kutoka nje, hewa inapungua. Unakata kamba, hewa inarudi. Lakini kama ndani ya bomba turubai limevimba kwa maji na matope yameganda ukutani, unaweza kukata kamba zote, hewa itapita kidogo tu. Na hatari nyingine: turubai lililolowa namna hiyo linajikunja lenyewe kwa kitu kidogo.

Mirija ya pumzi ya mtu mwenye asma ina taabu hizo mbili pamoja. Kamba ni nyama nyembamba inayozunguka mrija, ikikasirika inakaza. Matope ni uvimbe. Ukuta wa ndani wa mrija unakuwa mwekundu na kuvimba, sawa na jicho lililoingiwa na vumbi. Chembe za damu zinazoitwa eozinofili zinajaa ndani ya ukuta na kumwaga sumu zinazobandua ngozi laini ya juu. Vinyweleo vidogo ambavyo kazi yao ni kusukuma uchafu nje vinapotea. Makamasi mazito yanatengenezwa kwa wingi. Ngozi ikishabanduka, mishipa ya fahamu inabaki wazi. Ndiyo sababu harufu ya rangi, moshi wa mbabula, hewa ya baridi ya saa kumi ya usiku, kitu ambacho jirani yako hakioni, kwako kinakaza kamba mara moja.

Na jambo ambalo mimi nilijifunza kwa kuchelewa ni hili: uvimbe huo haungoji siku ya shida. Upo hata siku unayopumua vizuri, hata kwa mtu mwenye asma ndogo. Wanganga waliingiza kioo chembamba katika mirija ya watu wa namna hiyo, wakachukua vipande vidogo vya ukuta na kuvitazama kwa darubini. Walikuta eozinofili, walikuta ngozi imebanduka. Mtu anacheza mpira siku ya yenga, na ndani mambo yanaendelea.

Pompi ya buluu inafanya nini? Inakata kamba. Kwa dakika chache ile nyama inalegea, hewa inapita, mtu anacheka. Kazi yake inadumu saa 4 mpaka 6. Ni dawa nzuri na imeokoa watu wengi. Tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1969 hakuna dispensere inayotaka kukaa bila hiyo. Lakini matope haiyagusi. Ukivuta leo na kesho na kesho kutwa, uvimbe unabaki palepale, na wewe husikii, kwa sababu kila mara kamba ikikaza unaikata. Zaidi ya hayo, mwili unaizoea. Mtu anayeivuta kila siku, siku ya shida kubwa inamsaidia kidogo kuliko zamani.

Dawa inayoyagusa matope ni kortizoni ya kuvuta: beklometazoni, ambayo watu wameivuta tangu miaka ya 1970, na budezonidi iliyokuja nyuma yake. Hiyo haina haraka. Inaingia ndani ya chembe za ukuta wa mrija, inafika mpaka mahali chembe inapopokea amri zake, na kuzima zile amri zinazoita eozinofili. Zilizokwisha kufika zinakufa polepole. Maji yanapungua ukutani, makamasi yanapungua, ngozi inaanza kuota tena. Siku ya kwanza hutaona kitu kikubwa. Baada ya siku chache usingizi unakuwa bora. Baada ya majuma kadhaa, moshi uleule wa mbabula unapita bila kukuangusha.

Si hadithi. Mwaka 1992 wanganga wa Finland walitangaza kazi waliyoifanya na wagonjwa 14 ambao asma yao ilikuwa bado mpya. Wengine walivuta dawa ya jamii ya buluu, wengine walivuta budezonidi, miezi 3. Kabla na baada walichukua vipande vya ukuta wa mirija. Kwa waliovuta budezonidi, eozinofili zilipungua na vile vinyweleo vya kusukuma uchafu viliota tena. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wanganga wa nchi hiyohiyo walikuwa wamewafuata watu 103 wenye asma mpya kwa miaka 2, na wale wa kortizoni walipumua vizuri kuliko wale wa pompi ya kulegeza peke yake. Habari hizo ni za zaidi ya miaka 30. Mimi nilizisikia shuleni, nikazijibu katika mtihani, nikapata alama nzuri, na nikaendelea kugawa pompi ya buluu. Shule inaweza kupita ndani ya mtu hivyo.

Najua mtakavyosema: «Kortizoni? Hapana!» Tunawaona wale wanaonunua vidonge vya deksametazoni sokoni ili wanenepe, uso unakuwa mviringo, presha na sukari vinapanda, mifupa inalegea. Mnayo haki ya kuogopa vidonge vile, na mimi nawakataza. Lakini hesabu kidogo. Kidonge kimoja cha prednizoloni cha miligramu 5 kina mikrogramu 5.000, na kinapita tumboni na kuzunguka mwili mzima. Mtu mwenye asma ndogo, budezonidi yake kwa siku ni kama mikrogramu 200, na inakwenda moja kwa moja mahali pa ugonjwa. Kidonge kimoja ni mara 25 ya kipimo hicho. Shida zinazoonekana kwa kipimo kidogo cha kuvuta ni sauti kukwaruza na utando mweupe mdomoni. Sukutua kwa maji, tema, basi.

Neno la pili ninalolisikia, hasa kwa wamama, ni hili: «Pompi inaua. Mjomba alikufa na pompi mkononi.» Wenzangu wengi wa kazi wanacheka wakisikia. Mimi nimeacha kucheka. Mama huyo ameona kitu cha kweli. Katika New Zealand, kuanzia mwaka 1976 hivi, vijana wengi walianza kufa kwa asma, na uchunguzi ulionyesha kidole kwa pompi moja ya kulegeza yenye nguvu sana, fenoteroli. Walipoiondoa mbele, vifo vilishuka. Leo pia tunajua kwamba mtu anayemaliza pompi 3 za buluu au zaidi kwa mwaka, kila moja yenye mivuto 200, yuko katika hatari zaidi ya kupata shida kubwa. Na anayefika 12 kwa mwaka anakaribia kaburi kuliko wengine. Ila mjomba hakufa kwa sababu alivuta pompi. Alikufa kwa sababu ndiyo pompi peke yake aliyopewa. Katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, wachunguzi walihesabu mwaka 2000 kwamba kwa kila pompi moja ya kortizoni mgonjwa aliyotumia zaidi katika mwaka, hatari ya kufa kwa asma ilishuka kwa asilimia 21. Pompi na pompi si kitu kimoja. Tazameni jina lililoandikwa, msitazame rangi tu, maana viwanda vinabadili rangi wanavyotaka.

Kwa hiyo kamati ya kimataifa ya asma, ile inayoitwa GINA, iligeuza neno lake mwaka 2019. Tangu hapo inasema: mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi asitibiwe kwa pompi ya kulegeza peke yake, hata kama asma yake ni ndogo. Inatanguliza pompi yenye dawa mbili, budezonidi na formoteroli. Formoteroli inalegeza haraka sawa na salbutamoli, na kila unapojisaidia unameza dawa ya uvimbe hapohapo bila kuikumbuka. Katika jaribio moja kubwa lililofanyika New Zealand na nchi nyingine na kutangazwa 2019, watu wa asma ndogo waliotumia pompi hiyo wakati wa shida tu walipata shida kubwa mara 9. Wa salbutamoli peke yake walipata 23, na makundi yalikuwa karibu sawa kwa hesabu ya watu. Mimi naipenda njia hii kwa sababu inajua tabia ya mtu. Nani kati yetu anakumbuka kuvuta dawa asubuhi na jioni siku ambazo hana shida?

Na pale ambapo pompi ya dawa mbili haipo, au ni ghali? Basi mgonjwa awe na mbili: kila anapovuta ya buluu, avute na ya kortizoni nyuma yake. Au avute kortizoni kila siku, kipimo kidogo. Njia zote hizo zinapita ile ya buluu peke yake.

Hapa nina neno kwa wakubwa wanaotuagizia dawa. Katika dispensere ambamo nilianzia kazi, pompi za buluu hazikukosekana. Vidonge na sindano za aminofilini vilijaa makabati. Kortizoni ya kuvuta ilikuja kama wageni wanavyokuja: ilikaa siku chache, ikatoweka. Nikiuliza, waliniambia ni dawa ya wagonjwa wakali, tena ya hospitali. Hapana. OMS inaiweka katika orodha ya dawa za lazima, na budezonidi pamoja na formoteroli imo humo pia. Mtu akihesabu ambulansi, oksijeni, siku 10 za kitanda na kamyo iliyosimama bila dereva, ataona kwamba pompi ile si ghali. Naandika hivi bila ubishi. Naandika kwa sababu bila dawa kabatini maneno yangu yote ya juu ni upepo.

Ninyi pia mna sehemu yenu. Wengi mnaficha. Mnaogopa munganga wa kazi ataandika «hafai», na posho ya watoto iende. Naelewa woga huo; nami nina watoto. Lakini mtu ambaye asma yake imetulia anafanya kazi yake kama wengine. Anayeficha ndiye atakayeanguka siku moja juu ya usukani. Mashefu wa ekipi nao wajue kwamba pompi ndani ya mfuko wa ovaroli si kitu cha kucheka, na mtu akiomba dakika mbili kuivuta apewe.

Tena chunguzeni hivi: kama kifua kinakuwa kizuri siku za mapumziko na kongé, halafu kinabana ukirudi kazini, njoo uniambie, maana vumbi la kobalti linaweza lenyewe kuleta asma, na hapo dawa bila kubadili mahali pa kazi ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na kikohozi cha majuma mawili au zaidi, au cha damu, au mtu anakonda, tusikiite asma kabla ya kupima makohozi na kupiga picha ya mapafu. Migodini tunajua kifua kikuu, tunajua vumbi la mawe linalokaa katika mapafu. Pompi haisaidii hayo.

Kuvuta kwenyewe kunaharibika sana. Nimewaona watu wanaojipulizia mdomoni kama marashi. Dawa inabaki kwenye ulimi. Tikisa pompi. Toa pumzi yote. Weka mdomo, bana, na palepale vuta polepole mpaka kifua kijae. Ziba, hesabu mpaka 10. Kwa mtoto, na kwa mtu aliyebanwa sana, njia ya chupa ni bora. Wanganga wa Cape Town walijaribu mwaka 1999 chupa ya plastiki ya limonadi ya nusu lita kwa watoto wenye shida ya asma, na ilifanya kazi sawa na chombo cha duka. Toboa kitako cha chupa kwa waya wa moto kwa kipimo cha mdomo wa pompi, ingiza pompi, ziba pembeni kwa gundi ili hewa isitoke. Osha kwa maji na sabuni, iache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa, maana plastiki iliyofutwa inakamata dawa. Mgonjwa anaweka mdomo pale pa kunywea, unabana mara moja, anapumua humo mara 5 au 6. Halafu unarudia.

Kama mtu hawezi kumaliza sentensi, au midomo inageuka rangi, au mtoto ananyamaza na kulegea, msingoje asubuhi. Piga mivuto 4 mpaka 10 ya buluu kwa chupa, mmoja mmoja, rudia kila dakika 20, na wakati huohuo mko njiani kuja. Usiku pia. Mlinzi wa dispensere anajua nyumba yangu.

Siku ya nne ya juma lijalo, saa nane ya mchana, nitakuwa katika chumba cha kupimia watoto. Leteni pompi zenu zote, hata tupu, tuhesabu pamoja ni ngapi mmemaliza mwaka huu. Leteni na chupa moja ya nusu lita iliyooshwa. Waya na gundi ninavyo mimi. Dereva wetu wa kamyo amekubali kuja kuonyesha namna anavyovuta. Bibi yake pia atakuja, na amesema ana maswali mengine.